Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja Kwenda Mapango ya Michoro ya Kolo, Kondoa, Wakati wa Mvua

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, takriban kilomita 20 kaskazini mwa mji wa Kondoa, na abiria wengi wa mabasi hukipita wakiwa wamesinzia. Mashariki mwake, katika milima ya Irangi inayopakana na Bonde la Ufa, yapo mapango yenye michoro ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006: zaidi ya mapango 150 yaliyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwongozo huu hauhusu eneo lote hilo. Unahusu pango la Mungumi wa Kolo na mapango yaliyo jirani nalo, kwa kundi la marafiki wanne hadi wanane wenye afya ya kawaida, wanaotaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo katika miezi ya mvua.

Watu wengi watawashauri msubiri kiangazi. Ushauri huo una hekima yake, lakini mvua ina faida zake pia: vumbi hakuna, milima imevaa kijani, jua halichomi, na mwanga wa siku ya mawingu huionyesha michoro vizuri kuliko jua kali la Agosti linalopauza kila kitu. Kinachohitajika ni kuelewa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba safari hii haiamuliwi na mlima wala na mvua inayowanyeshea mkiwa njiani. Inaamuliwa na makorongo. Mwaka mmoja tulikaa juu ya mchanga kwa muda wa saa mbili na nusu, vijiko na chupa zetu vikiwa vimekwisha kazi, tukigawana chapati moja ya mwisho na kutazama nyumba zilizokuwa ng'ambo umbali wa kupiga kelele tu, kwa sababu korongo tulilolivuka asubuhi kwa viatu vikavu lilikuwa limegeuka mto mwekundu. Pale tulipokuwa hapakuwa pamenyesha hata tone.

Kwa nini makorongo ya Kondoa hujaa ghafla

Udongo wa milima ya Irangi ulimomonyoka sana kwa miongo mingi, kutokana na ukataji wa miti, kilimo cha kwenye miteremko na mifugo iliyozidi uwezo wa ardhi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Mimea ilirudi, na msitu mnaouona leo njiani kwa sehemu kubwa ni matunda ya uamuzi huo mchungu. Hata hivyo makorongo yaliyokwisha kuchimbika yalibaki, mapana, yenye kingo za wima na sakafu ya mchanga. Mvua kubwa ikinyesha juu milimani, maji hukimbilia humo kwa pamoja, na mtu aliye bonde la chini huletewa mafuriko huku akiwa chini ya anga jeupe. Ndiyo maana kila ratiba iliyomo humu imepangwa kwa kuanzia saa ya kuvuka mkirudi, kisha kuhesabiwa kinyumenyume.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku

Kondoa hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba na kumalizika Aprili. Katikati ya msimu, hasa mwezi Februari, mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa, na hicho ndicho kipindi ninachokipenda zaidi: ardhi imeshiba, njia imeanza kukauka, na mito ya mchanga imetulia. Machi ni mwezi wa kujihadhari.

Someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini msiishie hapo, kwa sababu utabiri huo huzungumzia mkoa mzima ilhali ninyi mnahitaji habari za bonde moja. Simu moja kwa mwenyeji wa Kolo jioni ya kabla ya safari ina thamani kubwa zaidi. Msimwulize, «Je, mvua itanyesha kesho?» kwani atawajibu kwa heshima kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mwulizeni kama usiku wa kuamkia leo ilinyesha milimani, na kama pikipiki zimepita leo hadi chini ya mlima. Ikiwa zimeshindwa kupita, ahirisheni. Kundi linalosafiri kutoka mbali huona taabu kuahirisha, hivyo ni busara kupanga siku mbili za kulala Kondoa mjini, ambako nyumba za kulala wageni hazina gharama kubwa, ili siku ya pili iwe akiba ya ya kwanza.

Hatua ya pili: kibali na mwongozaji

Mapango haya hayaendewi kienyeji. Ipo ofisi ya Mambo ya Kale hapo Kolo, kando ya barabara, ambako wageni hulipa kiingilio, huandikishwa kitabuni na kupewa mwongozaji. Fikeni siku moja kabla, au pigeni simu, mkubaliane saa ya kuondoka. Vinginevyo mtafika alfajiri na kukuta mlango umefungwa, na saa mbili za asubuhi iliyo kavu zitapotea mkiwa mmekaa barazani.

Mwongozaji si mtu wa kuwasomea historia pekee. Yeye ndiye anayejua korongo lipi lina kivuko cha pili upande wa juu, jabali lipi huteleza likilowa, na ni mzee yupi wa kusalimiwa kabla ya kupita kando ya shamba lake. Kundi likiwa na kiongozi wake, kiongozi huyo na akubali mapema, mbele ya wenzake wote, kwamba katika suala la kuvuka maji neno la mwongozaji ndilo la mwisho. Ubishi wa aina hii haufai kuanzia ukingoni.

Hatua ya tatu: mavazi na mizigo

Viatu ni jambo la kwanza. Buti za mpira, zile za kwenda shambani, huonekana kuwa jibu la tope, lakini zikiingia maji huwa nzito kuvuta na hazishiki kwenye jabali. Vaeni raba au viatu vya kupandia milima vyenye soli yenye meno, msihofu vikilowa, na mbebe soksi kavu jozi mbili. Kandambili ziacheni gesti. Mwavuli nao ni mzigo tu mlimani. Koti jepesi la mvua lenye kofia linatosha. Suruali ndefu huwakinga dhidi ya miiba na nyasi zenye umande, na kwa kuwa wenyeji wengi wa Kondoa ni Waislamu, mavazi ya stara kwa wanawake na wanaume hurahisisha mazungumzo njiani. Akina dada wanaobeba kanga hugundua kwamba ni kitambaa cha kujifutia, cha kukalia, cha kufungia mkono ulioteguka na cha kujitanda kukiwa na baridi.

Kila mtu abebe maji lita mbili na nusu au tatu, kwa sababu hali ya ubaridi huwadanganya watu wasinywe. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati, karanga. Kila mmoja aongeze mlo mmoja zaidi ya anaodhani atakula, na mlo huo usiguswe hadi kundi limekwisha kuvuka korongo la mwisho. Ile chapati moja niliyoitaja ilitufundisha hesabu hii.

Simu, fedha na dawa ziwekwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lile la kuhifadhia unga au maziwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo haikuwa na msaada mkubwa. Hutoboka kwa mwiba wa kwanza. Ongezeni fimbo imara kwa kila mtu, tochi, filimbi, kamba ya mita kumi na tano, bandeji, dawa ya vidonda, dawa ya maumivu na chumvi ya kuongeza maji mwilini.

Hatua ya nne: kuingia kwa magurudumu, kurudi kwa miguu

Kutoka barabara kuu hadi chini ya mlima ni takriban kilomita tisa za njia ya udongo. Kundi letu la kwanza lilitembea kwenda na kurudi, kwa fahari, na fahari hiyo ilitufikisha pangoni adhuhuri, saa ambayo mawingu huanza kujikusanya. Katika eneo hili asubuhi za msimu wa mvua mara nyingi huwa kavu na mvua kubwa hushuka alasiri. Kwa hiyo saa za asubuhi ni mali, na si vyema kuzimalizia barabarani.

Ushauri wangu ni kukodi bodaboda au gari lenye uwezo wa njia mbaya wakati wa kwenda tu. Ondokeni Kondoa saa 11:30 alfajiri, mfike Kolo kunapopambazuka, mmchukue mwongozaji na kuwa chini ya mlima kabla ya saa 2:00 asubuhi. Saa 3:00 mtakuwa juu. Saa ya kugeuka ni saa 5:30, na isiyozidi saa 6:00 mchana hata kama anga ni jeupe na hata kama kuna pango moja «la hapo tu» ambalo hamjaliona. Kushuka ni chini ya saa moja, na kilomita tisa za kurudi huchukua saa mbili na nusu kwenye tope, hivyo mtafika barabarani kati ya saa 9:00 na saa 10:00 alasiri. Giza huingia baada ya saa 1:00 jioni, na muda unaobaki katikati ndio akiba yenu endapo korongo litawasimamisha. Katika safari yetu akiba hiyo haikuwepo, tukavuka kwa mwanga wa tochi.

Mnapokwenda asubuhi, shukeni kwenye chombo kila mnapofika korongo na mlitazame vizuri likiwa tupu. Angalieni pahali ukingo ulipo mteremko wa kupandika, na takataka za mafuriko yaliyopita, yaani majani na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, zimefika urefu gani. Kama zimenasa juu ya kichwa chako, umekwisha kuambiwa maji hufika wapi.

Hatua ya tano: kupanda

Njia ya mlimani ni fupi lakini kali. Mwendo uwe wa aliye mdhaifu kuliko wote, naye atembee wa pili nyuma ya mwongozaji, si wa mwisho. Mtu wa mwisho awe mwenye nguvu na filimbi. Achianeni nafasi ya hatua tano ili jiwe linaloteleza lisimwangukie mwenzako. Jabali lenye ukungu wa kijani au mweusi likilowa huwa kama sabuni, basi kanyageni penye mchanga au mizizi. Msitie mkono kwenye mwanya msiouona ndani, kwa sababu kifutu hupenda kujificha penye ukavu mvua inaponyesha, na nyuki huweka makazi katika nyufa za majabali. Mkisikia mngurumo wa nyuki, punguzeni sauti, mzunguke mbali.

Hatua ya sita: pangoni

Anayetarajia shimo refu la giza atashangaa. Mapango ya Kolo ni majabali makubwa yaliyoinama kwa mbele kama upenu wa nyumba, na michoro imo kwenye ukuta ulio chini ya upenu huo. Mvua ikinyesha mtaona ardhini mstari ulionyooka uliochimbwa na matone yadondokayo kutoka ukingoni mwa jabali: nje ya mstari ni tope, ndani ni vumbi kavu la miaka mingi. Mstari huo ndio uliohifadhi michoro. Acheni makoti yanayochuruzika, fimbo na mabegi karibu nao, mwingie mikono ikiwa nyuma.

Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi. Rangi yake ilitokana na madini ya chuma, na mistari yake ni myembamba: watu warefu wenye viungo vilivyonyooshwa, wengine na mitindo ya nywele au vichwa vya ajabu, pamoja na twiga, swala na tembo. Wasomi wengi huihusisha na jamii za wawindaji, na Wasandawe na Wahadza wa leo hutajwa kuwa karibu nao zaidi. Juu yake au kando yake mtaona michoro myeupe, minene, ya baadaye, inayohusishwa na wakulima wasemao lugha za Kibantu. UNESCO inaeleza kuwa kuta hizi zimechorwa kwa angalau miaka elfu mbili. Mary Leakey alikaa huku mwaka 1951 akiinakili, na baadhi ya aliyoiona imefifia tangu hapo.

Haihitaji kukaribia. Kaeni chini mita mbili kutoka ukutani, nyamazeni dakika tano, na macho yakishazoea mtaona maumbo yanajitokeza moja baada ya jingine. Mara ya kwanza niliona «doa» kwa robo saa nzima kabla halijawa mtu aliyeinama. Msiguse, kwani jasho na mafuta ya vidole hubaki. Msimwagie ukuta maji ili rangi ing'ae, uharibifu ambao wageni wengi wameufanya kwa nia njema mahali pengi. Pigeni picha bila mwako wa kamera (flashi), kisha mkirudi nyumbani mnaweza kutumia programu ya DStretch, iliyotengenezwa mahsusi kwa michoro ya miambani, ambayo huibua rangi zilizofifia bila kuumiza jiwe.

Mungumi si makumbusho tu. Wazee wa Kirangi wamekuwa wakifanya hapo matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na mila hiyo hai ni mojawapo ya sababu zilizoipa Kondoa hadhi yake mwaka 2006. Mkikuta majivu, chungu au mabaki ya sadaka, pisheni. Mkikuta watu, mwacheni mwongozaji asogee peke yake, nanyi mkae chini ya mti hadi mwitwe. Mkiitwa, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Inachekesha kidogo kwamba ninyi mmepanda mlima mkiomba mvua isinyeshe, mahali ambapo watu hupandia kuiomba. Msiseme hivyo kwa sauti.

Mtaona pia mashimo yaliyochimbwa na watafuta hazina wanaoamini kwamba Wajerumani walificha mali huku. Kwa ajili hiyo, picha za mapango madogo yasiyo na mlinzi msizitume mitandaoni zikiwa na alama ya ramani.

Ngurumo zikianza

Hesabuni sekunde kati ya mmweko na mngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikipungua thelathini, radi imekwisha kufika karibu. Watu wengi hudhani upenu wa jabali ni kimbilio, lakini pango fupi lililo juu mlimani si salama, kwa kuwa umeme unaopiga jabali huweza kuruka kati ya paa na sakafu na kupitia mwilini mwa aliyesimama hapo. Kimbilio la kweli ni jengo au gari lililofungwa, ambavyo huko juu havipo. Kwa hiyo teremkeni mapema, mkisikia ngurumo ya kwanza ya mbali. Mkikutwa njiani, ondokeni kileleni na mbali na mti wa pekee, tawanyikeni, chuchumaeni miguu ikiwa pamoja, na msubiri dakika thelathini baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kupanda tena popote.

Hatua ya saba: kuvuka mkirudi

Mkikuta korongo lina maji, chomekeni kijiti pale maji yanapoishia, mkae dakika kumi. Maji yakikipita kijiti, yanapanda; msivuke. Yakikiacha, yanashuka, subirini zaidi. Rangi ikikolea ghafla, povu na majani yakaanza kupita, au mkasikia sauti kama ya lori upande wa juu, pandeni ukingoni mara moja na kuacha mizigo ikibidi.

Kikomo changu ni maji yaliyo chini ya goti la mtu mfupi kuliko wote, na mwendo usiozidi wa mtu anayetembea. Aliyezoea mto wa nyumbani hudharau kiasi hicho, lakini mchanga wa sakafu huchimbika chini ya unyayo na goti huwa kiuno. Tazameni kwanza hatua hamsini upande wa chini: kama kuna jabali, mti ulioanguka au poromoko, tafuteni kivuko kingine. Vaeni viatu, fungueni mikanda ya mabegi ya kifuani na kiunoni ili begi livuliwe kwa mkupuo mmoja. Vukeni mkiwa safu moja inayofuata mkondo, mkiwa mmeshikana mikono kwa viwiko, mwenye nguvu akiwa upande wa juu akipima kwa fimbo, na wote mkisogea kwa hatua ndogo za pembeni. Kamba isifungwe mwilini mwa mtu yeyote. Mtu aliyefungwa akianguka hushikiliwa chini ya maji na kamba hiyohiyo. Ni ya kuvutia mabegi.

Na kama hayashuki, kaeni. Vaeni soksi kavu, kuleni ule mlo wa akiba, pigeni simu ofisini kwamba mmechelewa na mko wazima. Makorongo haya hujaa upesi na hupungua upesi, kwa kawaida ndani ya saa chache baada ya mvua ya milimani kukatika.

Mkifika barabarani

Rudini ofisini mkafutwe kitabuni, msipande basi moja kwa moja, la sivyo mtu atatumwa kuwatafuta gizani. Mlipeni mwongozaji ziada kama aliwasubirisha, kwa maana siku hiyo ndiyo aliyofanya kazi zaidi. Kisha mwambieni maji yalifika wapi kwenye kila korongo na ilikuwa saa ngapi, kwa sababu kundi la kesho litampigia simu jioni hii kumwuliza.